Fedha za Mfungwa Zisiishie Getini

Kwa miaka mingi, mfungwa aliyemaliza kifungo chake Uingereza na Wales alipewa pauni 46 za kuanzia maisha. Kiasi hicho kilikaa vilevile tangu katikati ya miaka ya 1990 mpaka 2021, kilipopandishwa kuwa pauni 76. Nauli, chakula, malazi na simu vilipanda bei mara ngapi katika kipindi hicho, kila mtu anajua.

Kilichoniuma zaidi ya hizo pauni ni suala la Ijumaa. Wafungwa wengi huko walikuwa wakiachiwa siku hiyo. Mtu anatoka asubuhi, mfuko wa nguo mkononi, na kabla jua halijazama anatakiwa aripoti kwa ofisa anayemsimamia, aende ofisi ya makazi, aombe posho na atafute dawa zake. Ofisi hizo haziko jengo moja. Akifika ya pili amechelewa, basi mpaka Jumatatu. Usiku tatu hizo atalala wapi? Atakayempokea bila fomu wala foleni ni yuleyule rafiki aliyekuwa naye siku alipokamatwa. Mwaka 2023 bunge la huko lilipitisha sheria inayoruhusu magereza kumwachia mtu aliyetakiwa kutoka Ijumaa hadi siku mbili za kazi mapema. Marekebisho kama hayo yangeweza kufanyika miaka mingi nyuma kama kuna mtu angejisumbua kuifuata siku ya mfungwa saa kwa saa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Serikali hutoa fedha nyingi kumweka mtu ndani: chakula, ulinzi, umeme, matibabu, mishahara ya askari. Hutoa bila ubishi, mwaka baada ya mwaka. Siku anapovuka geti, mfereji unafungwa. Na siku hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watu waliotoka magerezani katika jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza uraiani uwezekano wao wa kufa ulikuwa karibu mara 13 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo hilo. Sababu iliyoongoza ilikuwa kuzidisha dawa za kulevya. Si jambo gumu kuelewa: mwili uliokaa muda mrefu bila dawa hauwezi tena kuhimili kipimo kilekile cha zamani, na mtu anayerudi mtaani na msongo wa mawazo hurudi kwenye kipimo anachokijua. Kliniki yenye nafasi siku hiyohiyo ingewaokoa baadhi yao. Nafasi ya wiki sita baadaye haimsaidii aliyekwisha kuzikwa.

Takwimu za serikali ya Marekani kuhusu wafungwa walioachiwa mwaka 2005 katika majimbo 30 zinasema mambo yanayofanana na hayo. Asilimia 44 walikamatwa tena ndani ya mwaka wa kwanza, na ndani ya miaka mitatu walifika asilimia 68. Kukamatwa si kuhukumiwa, hilo nalikubali, na mtu mwenye rekodi hukamatwa upesi kuliko asiye nayo. Hata hivyo tazama jinsi mwaka ule wa kwanza ulivyobeba sehemu kubwa ya mzigo. Fedha za kumsaidia mtu mwaka wa tatu ni njema. Za siku ya kwanza zinafanya kazi kubwa zaidi.

Najua pingamizi dhidi ya hoja hii, na silidharau. Mama anayepanga chumba kimoja, hajawahi kuiba hata sindano, hajawahi kupewa nyumba na serikali. Kwa nini kodi yake impe makazi mwizi? Anayeuliza hivyo hana roho mbaya. Anauliza kuhusu haki. Ninachomwambia ni kwamba kodi yake tayari inamlipia huyo mwizi kitanda, chakula na mlinzi, na ikiwa atarudi gerezani italipa tena. Na kabla ya kurudi gerezani, lazima kwanza awepo mtu mwingine wa kuibiwa au kupigwa. Mwathirika huyo bado hatumjui jina, lakini anastahili kuhesabiwa tunapopiga hesabu za bajeti. Wafungwa karibu wote hutoka siku moja. Swali la kama warudi au wasirudi mtaani kwetu halipo.

Faida ya kumwandaa mfungwa kabla hajatoka nayo imepimwa. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikusanya tafiti nyingi za Marekani na kutoa ripoti mwaka 2013: waliosoma wakiwa gerezani walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 43 wa kurudia makosa kuliko wasiosoma, na kila dola iliyowekwa kwenye elimu hiyo iliokoa dola nne hadi tano za gharama za kuwafunga tena ndani ya miaka mitatu.

Tatizo ni namna fedha zinavyotolewa. Mwaka 2008 Rais wa Marekani wakati huo, George W. Bush, alitia saini Sheria ya Nafasi ya Pili, na serikali kuu ikaanza kugawa ruzuku za kuwasaidia wanaotoka magerezani kwa majimbo, serikali za mitaa na mashirika. Ni hatua niliyoishangilia na bado naitetea. Lakini ruzuku hushindaniwa, ina mwisho wake, na hutegemea kila mwaka Bunge limeamka upande gani. Shirika linaajiri, linawafundisha watu wake, linajenga uaminifu na waajiri wachache wanaokubali kuchukua mtu mwenye rekodi, kisha muda unakwisha na wafanyakazi wanatafuta kazi kwingine. Anayetoka mwezi unaofuata anapiga namba aliyopewa na haipokelewi.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Kuanzia 2014 sehemu kubwa ya usimamizi wa waliotoka ilikabidhiwa kampuni binafsi, malipo yakifungwa kwa sehemu na matokeo. Haikufaulu, na mwaka 2021 kazi hiyo ikarudishwa serikalini.

Norway ndiyo inayonivutia zaidi, wala si kwa sababu ya vyumba vizuri vinavyopigwa picha. Kule mwalimu, daktari na ofisa wa ajira hawaajiriwi na magereza. Hutoka katika huduma zilezile zinazomhudumia raia yeyote. Anayemfundisha mfungwa analipwa na mfuko uleule unaolipa shule za nje. Kwa hiyo mtu akitoka, faili lake tayari lina wa kulishughulikia huko nje.

Kanuni za Mandela, yaani viwango vya chini vya kuwatendea wafungwa vilivyopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinataja hata hati: anayeachiwa apatiwe vitambulisho, makazi na kazi inayofaa, nguo, na uwezo wa kufika anakokwenda. Bila kitambulisho hafungui akaunti, na bila akaunti mwajiri atamlipaje? Kukiandaa miezi mitatu kabla ya siku ya kutoka ni kazi ya karani mmoja.

Ninachotaka wabunge wafanye ni kuliweka hili kwenye bajeti ya kudumu, fungu moja na mishahara ya askari magereza, na watumishi wake waajiriwe kama watumishi wengine wa umma. Waanze na wiki mbili za kwanza: kitanda, dawa, kitambulisho, na ofisa mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye amekwisha kuonana na mfungwa kabla geti halijafunguliwa.