Nilivyoegesha Gari Baharini Mbele ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa nahodha Pangani, mtu ambaye upepo ukibadilika hugeuza shingo kabla wengine hawajausikia. Mimi naishi kusini mwa Uingereza mwaka wa nane sasa, nina jaketi la mvua na kitabu cha ratiba ya maji kujaa na kupwa. Mwezi Agosti alipokuja kututembelea na mkewe, nikaamua kuwapeleka kula mchana kwenye pabu (baa ya Kiingereza yenye chakula) ya zamani iliyo ukingoni mwa maji, ndani ya Bandari ya Chichester, nikiwa mwenyeji, dereva na mjuzi wa mambo yote. Tulikuwa watano: mjomba, mkaza mjomba, mke wangu, rafiki yangu wa Kisumu, na mimi.

Kijiji sikitaji. Kinachojulikana kwa magari kufunikwa maji upande ule ni Bosham, na ndiyo maana sikwenda Bosham. Nilikwenda kijiji kingine kwa makusudi, na njiani nikawasimulia kisa cha Mfalme Knut, yule aliyeweka kiti ufukweni akaamuru bahari isimame, ikamlowesha miguu. Bosham ni mojawapo ya mahali panapodai kisa hicho kilitokea kwao. Nikacheka sana. Mjomba hakucheka. Aliuliza tu kama huyo mfalme alikuwa ameutazama mwezi.

Tukafika saa 5:40 asubuhi. Maegesho ya pabu yalikuwa yamejaa, ila barabara ya ufukweni ilikuwa tupu kabisa, nafasi tele, bure. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Kibao kilikuwepo, kinasema maji yakijaa barabara hufunikwa. Nilikisoma, nikakijibu kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii, na wenye mashua huko wanaitumia. Unachukua tofauti kati ya kupwa na kujaa, unaigawa mafungu 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku ile tofauti ilikuwa mita 4, kwa hiyo fungu moja ni kama sentimita 33. Kitabu changu kilisema maji yatajaa 12:10. Nikatoa sita kama tulivyozoea sote, nikapata saa 6:10 mchana. Imebaki nusu saa, nusu ya fungu la mwisho, sentimita 17 hivi. Maji nayo yalikuwa sentimita 40 chini ya usawa wa barabara. Nikawaeleza familia nzima, kwa vidole, kwamba tuna shubiri nzima ya ziada.

Hesabu haikuwa na kosa. Saa ndiyo ilikuwa na kosa. Kitabu kimepigwa chapa kwa saa ya Greenwich, na kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba Waingereza husogeza saa zao mbele. Juu ya kila ukurasa wa kiangazi imeandikwa uongeze saa moja. Mimi nilitoa sita, moja sikuiongeza. Maji yalikuwa yajae saa 7:10.

Mjomba hakuwa na kitabu. Alisimama ukutani, mikono nyuma, akatazama mashua zilizofungwa kwenye maboya katikati ya hori.

“Mjomba,” akaniambia, “mashua zote zimeelekeza omo, pua zake, kule yanakotoka maji. Maji yanaingia, tena kwa nguvu. Na huu mwani hapa barabarani mbona mbichi?”

Nikamwambia huku ni Ulaya.

Ndani ya pabu, jambo la kwanza lililompata mjomba ni boriti. Nyumba zile dari yake iko chini, na boriti zimepakwa rangi nyeusi kwenye chumba chenye giza. Yeye aliinama vizuri kwenye boriti ya kwanza, akanyooka kwa furaha, akakutana na ya pili. Akakaa chini, akatazama zulia, picha za meli na meko isiyo na moto, akatoa hukumu yake ya kwanza: “Hiki ni kilabu cha pombe kilichotandikwa zulia.”

Mkaza mjomba hukumu yake ilikuwa chini ya meza ya jirani, na ilikuwa na manyoya. Pabu za vijijini mbwa ni mteja kama wateja wengine, ana bakuli lake la maji mlangoni. Mama wa watu akainua miguu yote miwili juu ya kiti, akaziweka hivyo kwa dakika arobaini.

Tukasubiri mhudumu. Hapo sasa nikapata nafasi ya kung'ara: kwenye pabu kwa kawaida hakuna anayekuja mezani kukuuliza. Unatazama namba ya meza (imechongwa au imepigiliwa pembeni, yetu 9), unakwenda kaunta, unaagiza, unalipa hapo hapo, unabeba vinywaji mwenyewe, chakula ndicho kinakufuata. Wageni wengi wanaotoka pale wakilalamika kwamba walipuuzwa walikuwa wamekaa tu wakingoja. Foleni huioni lakini ipo, mwenye kaunta anaijua kichwani, na ukipunga noti hewani unarudishwa mwisho wake.

Samaki alihitaji upelelezi. Ule unga unaomzungushia samaki wa kukaanga kwenye pabu mara nyingi huchanganywa kwa bia, ndiyo inayoufanya uvimbe na kukauka. Nikauliza, ni kweli, una bia. Basi wazee wakaagiziwa samaki wa kuchoma na viazi vya kuchemsha. Chai ikaja: maji ya moto kwenye birika, kijifuko pembeni, maziwa baridi kwenye kikombe kidogo kama cha mdoli. Mkaza mjomba akaniuliza kwa upole kama jiko lao limeharibika, ndiyo maana tumepewa vitu vyake tujipikie.

Aliyekuwa peponi ni rafiki yangu wa Kisumu. Kwao baa mhudumu hukuuliza, “Baridi ama moto?” naye ni wa moto tangu ujana wake, kwa hiyo hapa alihisi amefika kwa watu wake. Wageni wengine husema bia ya Kiingereza imechacha au friji imekufa. Sivyo. Bia ile ya asili huja kwenye pipa la lita 41 hivi ikiwa bado hai, hamira inaendelea na kazi yake humo humo. Pipa hulazwa chumba cha chini ya sakafu kwenye nyuzi 11 hadi 13, haisukumwi kwa gesi, huvutwa juu kwa pampu yenye mpini mrefu wa mbao. Ukiipoza sana ladha inalala. Na pipa likishafunguliwa lina siku tatu hivi, baada ya hapo inakuwa siki. Kwa hiyo ya kuogopa ni pabu isiyo na watu, kwani pipa lake linakawia kwisha. Rafiki yangu alisikiliza somo lote, akamaliza milimita... samahani, mililita 568 za glasi yake, akasema Waingereza walituonea mengi lakini hapa hapana.

Saa 6:25 mwenye pabu akapiga kengele.

Kengele ya shaba iko juu ya kila kaunta kama ile, na mimi, kwa bahati mbaya, naijua historia yake. Tangu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza pabu za Uingereza zililazimika kufunga mchana, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1988. Kengele hupigwa kutangaza nafasi ya mwisho ya kuagiza, kisha hupigwa tena kufunga, na mwenye pabu hupaza sauti maneno yanayoishia na “tafadhali”. Mwenye pabu huyu alipaza sauti kwa lafudhi ya Sussex. Nikadaka neno moja, la mwisho, “tafadhali”.

“Wanafunga!” nikawaambia wenzangu. “Pabu za zamani hizi zina mila zake. Tulieni, naagiza duru ya mwisho.”

Nikakimbilia kaunta. Nilipaswa kushtuka kwamba kengele ya mwisho imelia na mimi niko peke yangu pale, huku nusu ya wateja wamehamia dirishani na vinywaji vyao. Nikadhani ni ustaarabu. Bia ya pipa humiminwa, ikaachwa povu litulie, ikaongezwa, na hii haina haraka. Nikaongeza limau mbili na chai nyingine. Binti wa kaunta akaniuliza kama ninafahamu gari la bluu ni la nani. Nikamwambia la kwangu ni la kijivu. Kwenye karatasi za usajili ni bluu, lakini mimi huliona la kijivu, na mjadala huo mimi na mke wangu tunao tangu tulinunue.

Nikarudi na trei. Meza namba 9 ilikuwa tupu. Wote wako dirishani, pamoja na mkaza mjomba, aliyesimama ubavuni kwa mbwa bila habari naye.

“Mjomba,” akasema mjomba, bila kugeuka, “maji yamevuka nusu ya rimu. Bado dakika kumi yatulie.”

Ilikuwa saa 7 kamili. Kengele ilipolia gurudumu lilikuwa linalowa tu, ningelitoa gari hata kwa viatu.

Nikakunja suruali, nikaingia. Mwani uliolowa ni sabuni, nikaanguka mara moja upande wa kushoto na mara moja, kwa usawa, upande wa kulia. Bosham imetariziwa kwenye kile kitambaa cha Bayeux cha karne ya 11: Harold, aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza, na watu wake wanakula na kunywa juu ghorofani, kisha wanapandisha nguo wanaingia majini miguu mitupu, wamebeba mbwa mikononi, kuelekea merikebuni. Mbwa wangu alikuwa dirishani akinitazama.

Maji yalikuwa sentimita mbili tatu chini ya kizingiti cha mlango. Nikafungua mlango, wakati huo huo boti ya injini ikapita kule kwenye maboya, na wimbi lake likaingia, likakaa kiti cha abiria kabla yangu. Nikanyoosha kidole kwenye kitufe cha kuwasha.

“USIWASHE!”

Pabu nzima iliisikia sauti hiyo, na nadhani Pangani pia. Nikaganda. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni inajaribu kubana kitu kisichobanika, na mikono yake inapinda au kukatika. Hata kabla ya hapo, maji ya chumvi na umeme havipatani. Dawa ni gia huru, breki ya mkono chini, na mikono ya watu. Wakaja: mwenye pabu na buti zake ndefu, mwenye mbwa, mbwa mwenyewe, na rafiki yangu wa Kisumu aliyesukuma kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulishika glasi. Mjomba alibaki nchi kavu akitoa amri kwa Kiswahili. Waingereza wote walizifuata.

Mwenye pabu akanitolea mpira wa maji ya bomba. Tukatoa waya hasi wa betri, tukaosha chini ya gari, breki na rimu kwa nusu saa, tukanyanyua zulia hadi kwenye zile plagi za waya chini ya viti, kwa maana chumvi ikilala humo kutu huanza kula usiku huo huo.

Tulirudi kwa basi. Mke wangu alisema hajaona pabu nzuri kama ile, kila mtu anahusishwa. Mkaza mjomba alisema mbwa yule ana adabu, ila chai isamehewe na Mungu. Rafiki yangu alikuwa amelala.

Mjomba alikuwa akihesabu kwa pingili za vidole. Kwetu, akasema, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hujaa kama saa kumi alasiri. Hapa yaelekea hujaa saa ya chakula cha mchana, siku zote, kwani kila bandari ina saa yake. Mwezi ukiandama, siku kumi na nne hivi kutoka leo, maji yatapanda tena hivi hivi.

“Weka nafasi ile meza ya dirishani,” akaniambia. “Tufike mapema, kabla wenye magari hawajaja.”