Programu ya ujenzi ni ya msimamizi kwanza

Ukuta ukibomolewa kwa sababu fundi aliujenga kwa kufuata ramani ya zamani, saruji hairudi, wala siku hairudi. Na mara nyingi ramani mpya ilikuwepo, ila imelala ofisini. Kwangu mimi, anayetaka kutengeneza programu ya ujenzi aanzie kwenye ukuta huo.

PlanGrid, kampuni ya programu ya kusomea ramani za ujenzi kwenye tableti, walianzia hapo mwaka 2011, Marekani. Tracy Young na Ryan Sutton-Gee walikuwa wahandisi wa ujenzi na waliyajua mabunda ya makaratasi ya saiti. iPad ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla, wakaona ramani zinaweza kukaa humo. Mwishoni mwa 2018 Autodesk ikainunua kampuni yao kwa dola milioni 875. Autodesk ni wenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, tangu 1982; waandishi wa programu wanao tele. Naamini walichokilipia hasa ni mazoea: msimamizi anayefika saiti alfajiri na kufungua tableti kabla hajamwita fundi.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Anayelipia programu ni mkurugenzi, anayeitumia ni msimamizi. Mkurugenzi anapenda ripoti, basi programu inajazwa fomu. Msimamizi mwenye saruji mikononi, juani, mtandao ukikatika kila mara, hawezi kujaza visanduku kumi na tano kwa kila nguzo. Atavijaza jioni kwa kukisia. Ripoti itapendeza na itakuwa ya uongo, na mnunuzi makini atakapokuja kuikagua kampuni iliyoitengeneza programu hiyo ataona kwamba saa za kazi haifunguliwi.

Kuuza kampuni si usaliti. Procore, nao watengenezaji wa programu ya ujenzi, walichagua njia nyingine: walianza 2002 wakaingia soko la hisa la New York 2021. Sekta hii haina haraka, maana hakuna mkandarasi anayebadili mfumo mradi ukiwa katikati.

Linaloniuma ni wateja wanaoachwa nyuma kampuni inapouzwa. Waanzilishi hubishana wiki nzima juu ya bei, lakini haki ya mteja kuchukua ramani, picha na barua zake haiguswi. Iandikwe kwenye mkataba kabla ya saini, hata kama bei itapungua kidogo. Jengo huishi kuliko programu. Siku nguzo itakapopata ufa, kuna mhandisi atakayeitafuta picha ya nondo iliyopigwa kabla zege halijamwagwa.