Tuwapigie Wazee Wetu Simu ya Kawaida

Siku hizi ukimwomba Mkenya aliyeko Ulaya namba yake, jibu ni moja: "Nitafute WhatsApp." Mimi ni mtoto wa Malindi, naishi Torino, kaskazini mwa Italia, na kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja wa hapa. WhatsApp naitumia kila siku na sina ugomvi nayo. Lakini nashikilia kwamba simu ya kawaida, ile ya kubonyeza namba ikaita, bado haijapitwa, na kwamba kila mwenye jamaa Malindi, Mambrui au Lamu ana wajibu wa kujua namba ya nchi yake, namba ya nchi aliko, na jinsi ya kuvuka kutoka huku kwenda kule.

Sababu yangu kubwa ni mamkubwa wangu wa Maweni, pale Malindi. Simu yake ni kabambe, ile ya vitufe na tochi. Haina intaneti, na yenye intaneti haitaki, kwa sababu hii ikichajiwa inakaa siku nyingi, na ikimponyoka uani anaiokota nzima. Vijana wa nyumbani wana simu kubwa na wangeweza kumwonyesha sura yangu kwenye kioo. Lakini akitaka kusema nami kwa njia hiyo, itabidi asubiri mjukuu arudi kazini, mjukuu awe na bando, kisha maneno yake yote yasikike na mjukuu yuleyule. Mwanamke wa umri wake ana mambo hayasemi mbele ya mjukuu: deni, maradhi, ugomvi wa kiwanja. Kwa kabambe anaingia chumbani, anafunga mlango, ananiambia yaliyo moyoni. Hiyo ni heshima yake, na sioni kwa nini aipoteze kwa sababu sisi tumepata programu mpya.

Sasa namba zenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokwama.

Kenya ni 254. Simu ya mezani ya Malindi inaanza na 042, ambayo tunaitumia pamoja na Lamu. Ya mkononi inaanza na 07, na laini za siku hizi nyingine zinaanza na 01. Ukipiga kutoka nje, ile sifuri ya mwanzo inaondoka: unaandika +254 42, au +254 7, au +254 1, kisha tarakimu zilizobaki. Sifuri hiyo ni ya matumizi ya ndani ya Kenya. Ukishataja 254 haina kazi tena. Laini za 01 zinawasumbua watu wa huku kwa sababu wanaziona kama simu za mezani, lakini ni za mkononi sawasawa na za 07.

Italia ni 39, na huku kanuni ni kinyume. Tangu mwishoni mwa 1998, sifuri ya simu za mezani za Italia ni sehemu ya namba yenyewe. Roma ni 06, Milano ni 02, Torino ni 011, na hata ukipiga kutoka Malindi ni lazima uandike +39 06, +39 02, +39 011. Ukiiondoa sifuri, simu haifiki. Za mkononi zinaanza na 3 na hazina sifuri mwanzoni. Hata Vatikani, ambayo ni nchi kamili na ilitengewa namba yake ya 379, inapatikana kwa 39 06 kama mtaa mwingine wowote wa Roma.

Kwa mtu wa Malindi hili ni jambo la riziki. Mji wetu na Italia tumeshikana kwa muda mrefu. Pale Ngomeni, Waitaliano walirusha satelaiti yao kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini mwaka 1967, na baadaye wakaja wenye hoteli, wenye mikahawa na wenye nyumba za mapumziko. Hadi leo utawakuta mafundi, wapishi na vijana wa ufukweni wanaozungumza Kiitaliano kuliko Kiingereza. Basi fikiria mlinzi wa nyumba ambayo mwenyewe yuko Roma. Upepo wa kusi umeezua makuti, maji yanaingia ndani, na namba aliyoachiwa ni ya simu ya mezani. Kijana mwerevu wa jirani anamwambia, "Ukipiga nje, sifuri unatoa." Kwa Kenya amesema kweli, lakini simu ya Roma haitaita. Na huku Roma yule mwenye nyumba, aliyezoea sifuri yake isiyotoka, anaandika +254 042 na kuambiwa namba haipo. Wote wawili wanafuata kanuni waliyofundishwa kwao, na wote wawili wanadhani mwenzake amezima simu. Nimesikia watu wakivunjiana imani kwa sababu ya sifuri hiyo moja, mwajiri akisema mlinzi amekimbia, mlinzi akisema mwajiri amemtupa.

Dawa ni kuhifadhi kila namba ikiwa na alama ya kujumlisha tangu siku ya kwanza. Kwenye kabambe nyingi, ukibonyeza kitufe cha sifuri na kukishikilia, alama hiyo inatokea. Kazi yake ni kusimama badala ya namba ya kutokea nchini, ambayo kila nchi ina yake. Ukiwa Kenya unatoka kwa 000, Italia kwa 00, Marekani kwa 011. Binamu aliyeko Marekani akipiga simu ya mezani ya Torino bila alama hiyo, anabonyeza 011, halafu 39, halafu 011 tena, na hakuna iliyorudiwa bure. Alama ya kujumlisha inamwondolea shida yote hiyo, na namba ile ile itafanya kazi akiwa Chicago, Maskati au kwake Mombasa.

Sisi watu wa Pwani si wageni wa mambo haya. Namba za nchi kwetu zilijulikana kabla ya simu za mkononi, kwa sababu Bara Arabu halikuwa mbali nasi. Mama zetu wengi, hata wasiosoma sana, wanakwambia papo hapo kwamba 968 ni Oman, 966 ni Saudia, 971 ni Falme za Kiarabu na 967 ni Yemen. Wamezijua kwa sababu kila namba ni mtoto au ndugu. Majirani nao wamekaribiana: Somalia 252, Kenya 254, Tanzania 255, Uganda 256. Na zipo njia za mkato za Afrika Mashariki ambazo vijana hawazijui: kutoka Kenya kwenda Tanzania unaweza kuanza na 007, kwenda Uganda 006, na wao wakija kwetu wanatumia 005. Ukweli kwamba nchi zetu tatu zimepeana milango yao wenyewe, bila kupitia ule wa dunia nzima, unanifurahisha kila ninapoukumbuka.

Nikilinganisha huku na nyumbani, kuna jambo moja ambalo huku wametushinda, na lisemwe. Bibi ninayemtunza ana simu ya mezani ukumbini, yenye vitufe vikubwa, na pembeni pana karatasi yenye namba za watoto wake zilizoandikwa kwa herufi nene. Namba yake mwenyewe anaijua kwa moyo. Hakuna anayempigia kwa niaba yake. Nyumbani, mzee akisema "nipigie fulani," kijana anaichukua simu mkononi mwake, anapiga, anamrudishia. Tunadhani ni adabu, lakini tunamfanya mzee awe mtu wa kusubiri. Karatasi kama ile nimemwandikia mamkubwa, na mpwa wangu ameibandika ukutani: namba kamili, kuanzia kile kijialama cha mwanzo. Siku mpwa hayupo, mamkubwa anaibonyeza mwenyewe taratibu, tarakimu kwa tarakimu.

Lakini katika kuitumia simu yenyewe, nyumbani tumewapita mbali. Huku watu wanapigiana kwa sababu maalumu, na wakishamaliza sababu wanakata. Watoto wa bibi wanampigia siku zao, saa zao. Mamkubwa ananipigia kwa kuwa amepika samaki wa kupaka akanikumbuka. Tunaanza na shikamoo na marahaba, tunaulizana hali, watoto, jirani, mvua, na dakika mbili zimekwenda kabla ya neno lolote. Nawasikia wenzangu wa huku wakilalamika kwamba salamu zinakula kredo. Sikubaliani nao. Salamu ndiyo simu yenyewe. Ikiwa kuna habari zaidi, inakuja juu yake.

Na anaponiflashi, simu ikaita mara moja ikakatika, mimi namrudia bila kinyongo. Kuna watu wa nje wanaowafokea wazee kwa kuflashi, wanasema ni omba omba. Hebu wafanye hesabu. Anayepata mshahara kwa yuro na anayeuza mahamri asubuhi, nani abebe gharama ya dakika? Ninasema wazi kwamba ni yetu, na iwe hivyo bila kumkumbusha mtu.

Gharama yenyewe ndiyo inayoniuma. Tangu 15 Mei 2019, Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: mtu akipiga kutoka nchi moja ya umoja huo kwenda nyingine, kampuni haiwezi kumtoza zaidi ya senti 19 za yuro kwa dakika, kabla ya kodi. Kutoka Torino kwenda Ugiriki au Finlandi umelindwa. Kwenda Malindi hakuna kikomo chochote, na kampuni inapanga bei itakavyo, ingawa wahamiaji ndio wenye haja kubwa kuliko wote ya kupiga nje ya Ulaya. Kwetu pia serikali zimewahi kuonyesha kwamba bei si amri ya Mungu: mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kushusha gharama za simu kati yao, na zikashuka kweli. Kama viongozi wanaweza kukaa meza moja kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kampala na Nairobi, wanaweza kukaa na Ulaya kwa ajili ya mama wa Maweni na mwanawe wa Torino. Balozi zetu zinatuita kwenye mikutano ya kuleta fedha nyumbani. Hili nalo liwekwe kwenye ajenda.

Mtu asiniambie kwamba intaneti imemaliza mambo. Imesaidia, tena sana. Waliotutangulia huku walipigia nyumbani kutoka vibanda vya simu, na tangu sheria ya Italia ya mwaka 2005 ya kupambana na ugaidi, mwenye kibanda alitakiwa aandike kitambulisho chako kwanza. Kwa upande wa Kenya, simu za nje zilipitia kituo cha satelaiti cha Longonot, Bonde la Ufa. Sauti ilipanda kama kilomita 36,000 hadi angani na kushuka tena, hivyo ukiuliza swali ilipita nusu ya sekunde kabla jibu kukufikia. Wazee wanaikumbuka: mnaanza kusema pamoja, mnanyamaza pamoja. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, kigugumizi kile kikaondoka.

Lakini jamaa yetu aliyeko Dubai hawezi kupiga kwa WhatsApp, kwa sababu Falme za Kiarabu zinazuia sauti yake na kuruhusu programu chache zenye leseni kama Botim. Saudia nayo iliondoa marufuku yake ya jumla ya simu za intaneti mwaka 2017 tu. Wasichana wetu wanaofanya kazi za nyumbani katika nchi hizo mara nyingine wananyang'anywa simu, na kinachobaki ni namba waliyoikariri kichwani, ikiwa waliikariri. Ndiyo sababu nasema kila binti anayepanda ndege ajue kuisema namba ya kwao kwa moyo, kuanzia 254.

Kujua namba za nchi kunakinga pia mfuko. Kuna wezi wanaopiga mara moja kutoka nchi za mbali na kukata, wakitegemea utarudisha simu kwenye laini ya bei ya juu na wao wapate mgao. Mzazi mwenye mtoto Oman akiona 96 mwanzoni, moyo unamruka. Aitazame tarakimu ya tatu. Kama si 8, si Oman, na aiache.

La mwisho ni saa. Kenya haibadilishi saa zake. Italia inabadilisha, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wakati wa kiangazi cha huku, nyumbani wako mbele kwa saa moja. Wakati wa baridi, kwa saa mbili. Mimi namaliza kazi jioni, kwa hiyo Oktoba ikiisha simu yangu inamkuta mamkubwa baada ya isha badala ya kabla yake. Mwambieni mzee mapema, maana asipoambiwa anakaa na simu kiganjani, akiwaza limekupata nini.