Jumapili Murano: duka wazi, mafundi mapumzikoni

Msimu wa meli za watalii ukifika, jamaa wa Mombasa na Dar watakaopita Venice kwa siku moja hutuuliza sisi tunaoishi Italia: kwenda Murano, kisiwa cha kioo, na Burano, kisiwa cha lesi, siku ya Jumapili kuna maana? Ipo, lakini inategemea unaanzia wapi.

Kwanza hakikisha meli inafunga gati gani. Tangu Agosti 2021 meli kubwa zimekatazwa kupita mbele ya San Marco, uwanja mkuu wa mji. Baadhi hutia Marghera, bandari ya viwanda upande wa bara. Nyingine ratiba inasema Venice, kumbe ziko Ravenna, zaidi ya saa mbili kwa basi. Ukishushiwa Ravenna, visahau visiwa. Na kwa wenye pasipoti zetu: meli ikigusa Uturuki au Montenegro kisha ikarudi Italia, viza ya Schengen ya kuingia mara moja haitoshi.

Tiketi moja ya vaporetto, ile boti ya abiria, ni euro 9.50 na hudumu dakika 75. Kwenda Burano, kuteremka Murano, kisha kurudi mjini ni tiketi tatu, yaani 28.50. Ya siku nzima ni 25. Anza Burano. Boti namba 12 kutoka gati la Fondamente Nove huchukua kama dakika 45, na Jumapili wenyeji nao wametoka na watoto na vigari vyao. Ikijaa, lango linafungwa, ungoje inayofuata. Wanaoachwa na meli huwa wamehesabu mwendo, foleni hawakuihesabu. Kama mwisho wa kupanda meli ni saa kumi na moja jioni, saa saba na nusu uwe umeshaondoka Burano. Kutoka Murano, boti namba 3 hurudi moja kwa moja Piazzale Roma, kwenye kituo cha mabasi.

Burano ni lesi ya sindano. Mchoro hushikizwa juu ya vitambaa, uzi ukatandazwa kufuata mistari, nafasi zikajazwa kwa sindano, mwisho nyuzi za kushikizia zikakatwa katikati ya vitambaa: lesi inabaki peke yake, haina nguo chini yake. Kipande cha kiganja ni kazi ya wiki kadhaa, kwa hiyo kitambaa cha meza cha euro 20 kimetoka mashineni. Jumba la makumbusho la lesi hufungwa Jumatatu, Jumapili liko wazi. Ingia humo kabla ya kuingia dukani.

Murano ndipo Jumapili inapouma. Kioo huyeyushwa usiku, kwenye nyuzi joto kama 1,400, ili mafundi wakikute tayari asubuhi. Jumapili wamepumzika. Tanuri haizimwi, maana chungu cha kuyeyushia kikipoa hupasuka, lakini kazi yenyewe hakuna. Utaonyeshwa farasi mdogo wa kioo akifinyangwa kwa dakika chache, kisha mlango wa duka. Na ukipewa boti ya bure ya kwenda Murano, jua nauli imo ndani ya bei ya vioo: "punguzo la nusu" hukatwa kwenye bei iliyokwisha kupandishwa.

Hapo ndipo kwetu tunawazidi. Lamu, mshona kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, anashona barazani. Unaona sindano, unaona kitundu kinavyozungushiwa uzi, mnaelewana bei na aliyeishona. Kijijini Matondoni, hukohuko Lamu, unasimama kando ya jahazi likiundwa, wala hudaiwa kiingilio.

Lakini wao wanatuzidi kwenye jina. Mkoa wa Veneto ulitunga sheria mwaka 1994 ya alama ya kioo cha sanaa cha Murano. Muuzaji mwulize kibandiko cha alama hiyo, asipokuwa nacho ondoka. Kofia ya vito haina kibandiko. Ya mashine inatundikwa kando ya iliyoshonwa miezi miwili, mgeni anachukua ya bei rahisi, na fundi ndiye anayeambiwa apunguze. Tunaona aibu kudai alama, wakati shanga za Venice zilipanda na misafara bara kutoka Bagamoyo karne ya 19, na wanunuzi wa huko walijua aina wanayoitaka kwa jina lake, nyingine wakazikataa kabisa.

Ukinunua bilauri, usiifungie kwenye sanduku la kupakiwa. Itie soksi ndani, izungushie kanga, uipakate mpaka Nairobi.