Tuvalu haikuuza nchi

Mkataba wa Falepili, kati ya Australia na Tuvalu, nchi ya visiwa vidogo vya chini katika Pasifiki, ukitajwa, hakosi mtu wa kusema Tuvalu imeiuzia Australia nchi kwa bei ya viza. Lawama hiyo ina msingi. Mkataba ulitiwa saini Novemba 2023, ukaanza kutumika Agosti 2024, na unawapa Watuvalu wasiozidi 280 kila mwaka ukaazi wa kudumu Australia kwa kupiga kura ya bahati. Nayo Tuvalu, kwa kifungu cha 4, haiwezi kufunga mapatano ya usalama na nchi nyingine bila Australia kuridhia. Na usalama hapo umetanuliwa ukameza polisi, mipaka, bandari, simu na umeme. Hiyo ni kamba fupi.

Ila wanaolaumu hukiruka kifungu cha 2, ambamo Australia inakubali kwamba Tuvalu itabaki dola yenye mamlaka yake hata bahari ikipanda. Kwa nini maneno hayo ni mali? Mvuvi wa Muhuru Bay, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, anajua. Migingo, kisiwa cha ziwani humo, ni jabali lisilofika hata ekari moja, lakini Kenya na Uganda zinaligombania kwa ajili ya mbuta walio kwenye maji yanayolizunguka. Tuvalu nayo hutegemea jodari: meli za nyavu za kuzungushia hununua siku za kuvua katika maji yake, kila siku si chini ya dola 8,000 za Marekani, na fedha hizo ni nguzo ya bajeti. Sasa soma Sheria ya Bahari, ibara ya 121: jabali lisiloweza kukalika na watu wala kujiendesha kiuchumi halipati eneo la bahari la maili 200, ambamo samaki ni haki ya nchi yenye pwani. Maji yakifukuza watu, mwanasheria wa nchi yenye meli nyingi anaweza kudai kwamba haki ya samaki imeondoka nao. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Julai 2025 kwamba dola si lazima ife kwa kupoteza ardhi, lakini huo ni ushauri, mkataba unafunga.

Tuje kwenye hiyo 280. Awamu ya kwanza, 2025, walijiandikisha 8,750 wakiwemo wanafamilia, katika nchi ya watu kama 11,000. Vichwa vya habari vikasema taifa linahama. Gawanya: foleni hiyo peke yake, bila mtoto mmoja kuzaliwa, ni miaka 31. Tena viza inaruhusu kwenda na kurudi, kwa hiyo wengi wanajiwekea akiba ya mlango. Cha kuogopa zaidi ni kwamba kura haichagui kazi: ikiwaangukia wauguzi watatu wa Funafuti, mji mkuu wa Tuvalu, mwaka mmoja, wodi itahisi.

Na upande wowote unaweza kujitoa kwa notisi ya miezi 12. Tuvalu ikichoka na kamba, itaikata. Serikali nyingine ikiingia Canberra, nayo inaweza kuikata, na kifungu cha 2 kikaenda pamoja nayo.