Mgeni akiondoka, nani anashika chaki?

Machi 2020, mipaka ilipoanza kufungwa kwa sababu ya korona, shirika la Peace Corps la Marekani liliwarudisha nyumbani watu wake wote wa kujitolea: takriban 7,000, kutoka nchi zaidi ya 60. Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu shirika lianzishwe mwaka 1961. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakifundisha Kiingereza katika shule za msingi za Tonga na Vanuatu, nchi za visiwa katika bahari ya Pasifiki. Walifunga mizigo haraka, wakaondoka.

Nalikumbuka tukio hilo kila ninaposikia watu wakibishana juu ya kujitolea ng'ambo. Mabishano huishia kwenye nia ya mgeni: ana moyo mwema, au anatafuta picha za kuonyesha kwao? Mimi nia yake hainisumbui sana. Nataka kujua akiondoka leo jioni, kesho asubuhi nani anaingia darasani.

Tuanze na wanaotetea, maana wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Vanuatu ina watu wapatao 300,000 waliotawanyika juu ya visiwa zaidi ya 80. Shule ya kisiwa cha mbali ina watoto wachache, mwalimu mmoja anashika madarasa mawili au matatu kwa pamoja, na vitabu hufika boti ikifika. Mwalimu aliyehitimu akipangiwa huko hutafuta kila njia ya kuhamishiwa mjini, kwenye hospitali na benki. Simlaumu. Anapotokea mtu wa kutoka nje aliye tayari kuishi huko miaka miwili, ni vigumu kumwambia mzazi kwamba bora mwanawe akose somo kuliko kufundishwa na mgeni.

Halafu kuna Kiingereza chenyewe. Wakosoaji hupenda kusema ni ukoloni uliorudi kwa mlango wa nyuma. Lakini Visiwa vya Marshall na Shirikisho la Mikronesia, nchi nyingine mbili za Pasifiki, vina mkataba na Marekani, ulioanza kutumika mwaka 1986, unaowaruhusu raia wao kuishi na kufanya kazi huko bila visa. Wamarshall wengi wamehamia Hawaii na Arkansas. Mzazi anayejua kwamba huenda mwanawe naye akahama siku moja hahitaji hotuba yangu kuhusu ukoloni. Anahitaji mwalimu.

Hapo ndipo maneno "kujitolea visiwani" yanapotuchanganya, kwa kuwa yanafunika mambo mawili yasiyofanana. Peace Corps huwapa watu wake mafunzo ya miezi mitatu hivi, lugha ikiwemo, kabla ya utumishi wa miaka miwili. Kampuni za safari nazo huuza wiki mbili za "kufundisha" kwa yeyote anayelipa ada. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Safari hizi zimepangwa ziishe kabla jembe halijatafutwa.

Vanuatu ina lugha zaidi ya 100. Mtoto huja shuleni na lugha ya kijiji chake na Bislama, lugha inayowaunganisha watu wa nchi nzima, na mgeni wa wiki mbili hana hata moja kati ya hizo. Basi anaimba nao, anawafundisha majina ya rangi, anagawa penseli. Mwalimu mwenyeji anakaa pembeni, kisha mgeni akishapanda boti anarudi kwenye ukurasa alioachia. Mwezi unaofuata anakuja mwingine, na rangi zinaanza upya kuanzia nyekundu.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi. Uingereza au Australia, mtu haruhusiwi hivihivi kufanya kazi na watoto; kumbukumbu zake za polisi huchunguzwa kwanza. Kwa nini mtu huyohuyo, akivuka bahari, aaminiwe kwa kuwa tu ana tabasamu na tiketi ya kurudi?

Kuhusu fedha, hoja iliyozoeleka ni kwamba nauli na ada za mgeni mmoja zingeweza kumlipa mwalimu wa kisiwani kwa miezi kadhaa. Hesabu hiyo inaonekana sahihi, ila ina kasoro: hakuna anayepunga mkono uwanja wa ndege kwa furaha ya kulipa mshahara wa mtu asiyemjua. Asiposafiri, fedha hizo haziendi kisiwani. Atakwenda nazo likizo mahali pengine. Wanaozipigia hesabu wasisahau hilo.

Na kubadilishana utamaduni? Fiji wanalo jibu la zamani. Mgeni anayeingia kijijini huleta mizizi ya yaqona, ile inayotengenezewa kinywaji cha kava, akaikabidhi kwa mkuu wa kijiji kuomba kupokewa. Huiita sevusevu. Kabla haijapokelewa hana ruhusa ya kuzurura apendavyo. Mwenyeji ndiye anayeweka masharti, na mgeni anajua hivyo tangu mlangoni. Ngoma inayochezwa saa kumi kamili kwa sababu ratiba ya safari inasema hivyo ni kitu kingine kabisa.

Ningekuwa na sauti, wageni wa muda mfupi wasingeshika darasa. Wanaojua kazi ya ualimu waje wakati wa likizo, wakae na walimu wenyeji, na waje kwa kuwa mwalimu mkuu ameomba, yeye mwenyewe akiwa na haki ya kusema safari hii hapana. Wa miaka miwili waendelee, lakini kila mmoja awe na mwalimu mwenyeji wa kufundisha naye, ili serikali isije ikaacha nafasi hiyo wazi ikijua mgeni atakuja.

Hata hivyo nafasi hizo zinazidi kuwa wazi. Tangu mwaka 2007 New Zealand imekuwa ikichukua vibarua wa msimu kutoka visiwa vya Pasifiki kwenda kuchuma matunda, na Australia nayo ina mpango wake. Wamo walimu walioacha kazi wakaenda, kwa kuwa ujira wa shambani unaushinda mshahara wao wa darasani. Kwa hiyo kijana wa Australia anaweza kuwa angani, amelipa ada aende kufundisha Vanuatu, wakati mwalimu wa Vanuatu naye yuko angani, anakwenda Australia kuchuma matunda.