Trampolini ya Watoto: Kilo 150 Si Watoto Watano

Ukiingia duka la vifaa vya michezo ya watoto hapa Dar es Salaam ukaulizia trampolini, muuzaji atakuonyesha boksi na namba iliyoandikwa ubavuni. "Hii inabeba kilo 150, mama. Watoto watano wanaruka bila wasiwasi." Hesabu inaingia akilini haraka: kilo 30 mara watano. Mzazi analipa, boksi linafungwa kwenye keria, na kesho yake watoto wa nusu mtaa wamo ndani ya wavu. Hesabu hiyo ndiyo inayovunja watoto miguu.

Namba ya uzito inaeleza mtu mmoja awe mzito kiasi gani ndipo aruke pale bila fremu kupinda wala kitambaa kuchanika. Haigawanywi. Trampolini ya nyumbani iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Ulaya, EN 71-14, hubandikwa onyo kwamba ni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa sababu ya hatari ya kugongana. Mwambie muuzaji akuonyeshe onyo hilo kabla hujafungua pochi. Asipoliona popote, bidhaa hiyo mwachie.

Kugongana vichwa ni nusu tu ya hatari. Nusu nyingine haionekani kwa macho, na ndiyo inayoniumiza moyo zaidi. Mtoto wa kilo 40 akitua, kitambaa kinazama, springi zinavutika, kisha vyote vinarudi juu kwa nguvu. Sasa mdogo wake wa kilo 15 akitua wakati kitambaa kiko njiani kupanda, hapokelewi na kitu laini. Anapokelewa na kitu kigumu kama sakafu, na sakafu yenyewe inamjia. Mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti, ndio hupata ufa. Mtoto hakuanguka nje, hakugongwa na mtu, hana hata mchubuko, ila hataki kukanyaga. Watu wazima hudhani anadeka. Mtoto mdogo aliyekuwa akiruka na wakubwa, kisha akakataa kusimama, apelekwe hospitali apigwe eksirei siku hiyohiyo.

Mwaka 2012, American Academy of Pediatrics, ambacho ni chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kilitoa tamko kuhusu trampolini. Kilieleza kwamba karibu robo tatu ya majeraha hutokea wakati zaidi ya mtu mmoja wako kwenye kitambaa, na kwamba aliye mdogo kuliko wenzake yuko kwenye uwezekano wa kuumia mara 14 zaidi ya aliye mzito. Kati ya theluthi na nusu ya majeraha yalitokea huku mtu mzima akiwapo. Kuwapo tu, basi, hakutoshi kama anayeangalia amewaacha watano waruke pamoja.

Chama hicho hakitaki kabisa trampolini majumbani. Mimi sifiki huko. Watoto wetu wa mjini wamebakiwa na nafasi finyu ya kukimbia, viwanja vimejengwa, barabara zimejaa bodaboda, na mtoto anayeruka peke yake dakika kumi anatoka na jasho, pumzi na uso uliokunjuka. Ninachokitetea ni kuruka mmoja mmoja, na vifaa vinunuliwe kwa kufikiria hilo. Hata wanamichezo wakubwa ndivyo wanavyofanya. Trampolini iliingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney, na washindani huruka mmoja mmoja. Kwenye mashindano ya kuruka wawili kwa pamoja, kila mmoja ana trampolini yake. Waliofanya mazoezi maisha yao yote hawachangii kitambaa, na sioni sababu ya mtoto wa darasa la kwanza kuchangia.

Ukishakubali hilo, hata ukubwa unaoutafuta unabadilika. Kwa nyumba nyingi futi 8 au 10 inatosha. Ile ya futi 14 inawaita watoto wapande kundi zima, na inameza uwanja wote mpaka hakuna nafasi iliyobaki pembeni. Fedha uliyookoa kwenye ukubwa iweke kwenye chuma na wavu.

Chuma ndiyo habari ya sisi watu wa pwani. Hewa ya chumvi ya Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar haina huruma na bomba lililopakwa rangi tu. Tafuta fremu iliyozamishwa kwenye zinki, ndani na nje. Ukiwa dukani chukua kipande kimoja cha bomba, washa tochi ya simu, umulike tundu lake. Bomba zuri lina rangi ileile ya kijivu kinachong'aa kidogo, ndani kama nje. Bomba baya linang'aa nje kwa rangi nyeusi au ya bluu, na ndani utaona vumbi la kahawia limeshaanza kabla hata halijauzwa. Kutu hula kutokea ndani, kwenye maungio ya miguu, mahali ambapo hutaiona mpaka siku mguu utakapozama. Angalia pia palipochomelewa: uchomeleaji uzunguke bomba lote, usiwe wa kugusagusa hapa na pale.

Springi nazo zishike mkononi. Zikiwa zimelegea, pete zake zigusane bila kuacha mwanya. Springi yenye mianya imeshachoka, na hiyo utaikuta sana kwenye trampolini za mtumba. Sina ugomvi na mtumba, chuma cha mtumba mara nyingine kinashinda kipya cha bei rahisi. Ila wavu, sponji inayofunika springi na kitambaa cha mtumba vimeshakaa juani miaka kadhaa huko vilikotoka, na jua letu litamalizia kazi. Bana uzi wa mshono kwa kucha uvute. Ukikatika au ukiacha unga kwenye vidole, usipandishe mtoto. Sponji ikimeguka kama biskuti, hesabu bei ya sponji mpya juu ya bei uliyoambiwa. Na kabla ya kulipa uliza: springi, wavu na kifuniko cha springi vinauzwa peke yake? Muuzaji asiye na vipuri anakuuzia kitu cha msimu mmoja.

Wavu ninaupendelea ule unaofungwa upande wa ndani, kati ya kitambaa na springi, ili mguu wa mtoto usifike kwenye springi hata sponji ikisogea. Zipo pia trampolini zisizo na springi kabisa, zinazotumia fito zinazopinda chini ya kitambaa. Wazo hilo lilianzishwa na Keith Alexander, mhandisi wa New Zealand. Ni ghali, lakini mwenye uwezo naye afikirie. Wavu wa namna yoyote hauruhusu watoto kuongezeka. Tamko lile la 2012 lilisema takwimu hazikuonyesha kwamba nyavu na sponji vimepunguza majeraha kwa kiasi cha maana, na ukikumbuka ule ufa wa muundi utaona kwa nini: unatokea katikati ya kitambaa, ndani ya wavu uliofungwa zipu.

Mahali pa kuiweka panasumbua kuliko kuinunua. Yadi nyingi siku hizi zimetandazwa pevingi mpaka ukutani. Trampolini isikae juu ya pevingi wala zege. Inataka nyasi au mchanga, pawe tambarare, na kama mita 2 pande zote zisiwe na ukuta, simtanki, kamba ya nguo wala tawi la mwembe. Angalia na juu, waya za umeme za kuingia nyumbani hupita chini kuliko tunavyokumbuka. Kuna wanaochimba shimo ili kitambaa kiwe usawa wa ardhi. Kwa Dar, bila mfereji wa kutoa maji, masika moja tu umefuga mbu. Halafu kuna kusi. Upepo ule ukishika wavu, trampolini nyepesi inaondoka, na ikiondoka inaondoka na kioo cha jirani. Kwenye mchanga vigingi vifupi havishiki, kwa hiyo weka vigingi virefu vya kuzungusha pamoja na magunia ya mchanga kwenye kila mguu, na siku za upepo mkali teremsha wavu.

Madaktari wa mifupa wa Marekani wanashauri walio chini ya miaka 6 wasiruke, nami nakubaliana nao bila kubakiza. Ngazi iondolewe kila baada ya mchezo, kwani mtoto wa miaka 3 akiiona atapanda tu. Sarakasi za kubinuka kichwa zipigwe marufuku, hapo ni shingo inayochezewa. Pasiwe na mtoto, kuku wala paka chini ya kitambaa wakati mtu anaruka.

Watoto wa jirani nao watakuja, na kuwafukuza si desturi yetu. Weka benchi nje ya wavu, foleni iwe pale, na anayesimamia awe mtu mzima aliyeambiwa wazi kwamba ana ruhusa ya kumshusha hata mtoto wa mwenye nyumba. Dada wa kazi anayepika huku akiangalia kupitia dirishani hawezi kufanya kazi hiyo, na si haki kumlaumu baadaye. Kwa sherehe ya kuzaliwa yenye watoto 20, ambako foleni itageuka vurugu kabla keki haijakatwa, funga zipu, ficha ngazi, na uwape mpira.